Kubakiza Wachezaji kwenye Fantasi: Kanuni Itungwe kwa Ajili ya Anayeshika Mkia

Leo naandika juu ya jambo ambalo limezua ubishi mkubwa hapa Garissa tangu msimu uliopita uishe: kanuni za kubakiza wachezaji kwenye ligi ya fantasi. Najua wengine mnapita hapa kutafuta habari za kompyuta tu, lakini vumilieni kidogo. Kanuni za ligi hazina tofauti kubwa na programu. Ukiziandika vibaya zitaendelea kufanya kazi miezi kadhaa, halafu siku moja zinaanguka na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. FPL ya kawaida, ile fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ina wachezaji zaidi ya milioni 11 duniani. Unapewa pauni milioni 100 za kubuni, unanunua wachezaji 15, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 kutoka klabu moja. Mimi nikiwa na Haaland, na wewe unaweza kuwa naye. Mei ikifika mchezo unafutwa, na Agosti wote tunaanza sifuri.

Ligi yetu ni ya aina nyingine. Tuko watu 10, na kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Tunachagua kwa zamu, raundi 15. Raundi ya kwanza inakwenda kutoka mtu wa 1 hadi wa 10, ya pili inarudi kutoka wa 10 hadi wa 1, na kuendelea hivyo kama nyoka. Mchezo rasmi wa namna hii, FPL Draft, ulianza msimu wa 2017/18 (hauhusiani na drafti ile ya vizibo vya soda). Lakini nao huanza upya kila msimu, na sisi tunataka kuendelea tulipoishia. Kwa hiyo tuna jedwali letu na programu ndogo niliyoiandika inayohesabu pointi. Mwisho wa msimu kila mtu anabakiza baadhi ya wachezaji wake, wengine wanarudi kapuni.

Sasa wamezuka wanaopendekeza hivi: kila mtu abakize wachezaji 5, bila gharama yoyote, kwa miaka yote apendayo. Wanasema ni haki kwa sababu ni 5 kwa kila mtu. Wanaosema hivyo, kwa bahati tu, ndio walioshika nafasi za juu.

Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi.

Usawa wa hesabu siyo haki

Watu 10 mara wachezaji 15 ni wachezaji 150. Kila mtu akibakiza 5, wachezaji 50 hawaingii kapuni kabisa. Na siyo 50 wowote, ni wale 50 bora. Aliyeshika mkia atabakiza 5 wake walewale waliomshikisha mkia, kisha atapewa zamu ya kwanza kumchagua mchezaji wa 51. Bingwa ataingia Agosti akiwa na nusu ya kikosi cha kwanza kilichomletea ubingwa. Baada ya misimu mitatu hakuna ligi tena, kuna mtu mmoja na watazamaji 9.

Wengine watasema, basi mwache ajitahidi. Ajitahidi na nini, kama wachezaji wote wazuri wana wenyewe wa kudumu?

Hapa kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mfugaji yeyote anajua kwamba mitamba hauzwi ovyo, ndio mbegu ya zizi la kesho. Lakini anajua pia kwamba kubakiza mnyama kuna gharama: maji, malisho, mchungaji. Hakuna anayebakiza bure. Na ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliwaacha watu wengi na mazizi matupu. Kuna desturi ya jamaa kumchangia mifugo aliyepoteza yote, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mwenye zizi tupu hawezi kuanza peke yake hata akiwa hodari namna gani. Jamii iliyoishi na mifugo miaka yote hiyo imeshajibu swali letu. Wale wa 5 bure wanataka mitamba bila malisho.

Wenzetu wa besiboli walishapita huku

Kubakiza wachezaji hakukuanzia kwenye soka. Kulikuwepo mapema Marekani kwenye fantasi ya besiboli. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake walianzisha ligi waliyoiita Rotisserie, kutokana na jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana. Kanuni zao zilimpa kila mtu dola 260 za kununua wachezaji 23 kwa mnada. Na kwa kuwa walitaka ligi iendelee mwaka hadi mwaka, iliwabidi watunge kanuni za kubakiza.

Kitu walichokiona mapema ni kwamba mchezaji aliyenunuliwa rahisi hawezi kuachwa rahisi milele. Katika kanuni zao, ukitaka kumfunga mchezaji kwa mkataba mrefu, mshahara wake unapanda dola 5 kwa kila mwaka unaoongeza. Mshahara huo unakatwa kwenye zile dola 260 zako, kwa hiyo ukimng'ang'ania mmoja unapungukiwa nguvu ya kununua wengine.

Angalia FPL yenyewe inavyofanya. Riyad Mahrez alianza msimu wa 2015/16 kwa pauni milioni 5.5, Leicester wakawa mabingwa. Cole Palmer alianza 2023/24 kwa milioni 5.0, akafunga mabao 22, na msimu uliofuata bei yake ya kuanzia ikawa milioni 10.5. Haaland alikuja 2022/23 kwa milioni 11.5, akafunga mabao 36, mwaka uliofuata milioni 14.0. Soko linasahihisha. Sasa anayetaka kumbakiza Palmer miaka yote kwa bei ya siku ile aliyomwokota, anataka soko lifungwe kwa ajili yake peke yake.

Simnyimi sifa aliyemwona Palmer kabla yetu. Apewe zawadi, na zawadi yenyewe iwe kumfaidi kwa punguzo kwa muda fulani. Kumgeuza kuwa urithi wa watoto ndiko ninakokataa.

Kwa nini hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi

Ligi nyingi zinashikiliwa na pesa. Watu wanachanga, bingwa anachukua, hivyo hata aliye wa 7 anaendelea kwa sababu ametoa hela yake. Sisi hatuchangi. Wengi wetu ni Waislamu, na kuchanga pesa ili mshindi azoe ni kamari, mjadala umeisha. Hakuna hela mezani, kuna heshima na utani wa Jumamosi jioni.

Matokeo yake ni kwamba kitu pekee kinachomfanya aliye wa 9 mwezi Februari aendelee kupanga kikosi chake ni matumaini ya msimu ujao. Ukimwondolea matumaini hayo humwachii kitu, naye ataacha kupanga kikosi. Akiacha, wanaocheza naye wiki hiyo wanapata ushindi wa bure na ligi nzima inaharibika, ya bingwa ikiwemo.

Jambo la pili ni kwamba watu wa huku wanahama. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anamaliza, anarudi kwao. Mtumishi wa serikali anapewa barua ya uhamisho. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti hizi. Mfanyabiashara naye anahamia Eastleigh. Kila msimu tunampokea mtu mpya mmoja au wawili wanaorithi timu ambazo hawakuzichagua. Kanuni ya 5 bure inamwambia mgeni huyo: karibu, chukua timu iliyomshinda mwenzako, utukute baada ya miaka minne.

Jambo la tatu ni mtandao. Tuna mwenzetu Mandera na mwingine Wajir. Minara ya simu upande huo imelipuliwa na magaidi mara nyingi, na mnara ukianguka mji unaweza kukaa siku nyingi bila mawasiliano. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Afrika Mashariki nzima, na msimu ulikuwa umebakiza wiki moja. Kanuni inayomwadhibu mtu kwa kuchelewa kujibu ujumbe wa WhatsApp ni kanuni ya watu wa Nairobi.

Kanuni ninazopendekeza

Nimeziandika fupi ili zitoshe kwenye karatasi moja. Kanuni ambayo haitoshi kwenye karatasi moja haitasomwa.

1. Kila mtu abakize wachezaji 2 tu, au asibakize kabisa. Hapo wanatoka kapuni wasiozidi 20 kati ya 150, na waliobaki wanatosha kujenga timu ya maana.

2. Kila aliyebakizwa analipiwa raundi. Chukua raundi uliyomchagua, toa 3. Uliyemchagua raundi ya 10 msimu uliopita atakugharimu chaguo lako la raundi ya 7. Ukimbakiza tena, raundi ya 4.

3. Jibu likiwa chini ya 1, mchezaji habakizwi. Maana yake wote waliochaguliwa raundi za 1, 2 na 3 wanarudi kapuni kila mwaka. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu Haaland na wa aina yake watakuwepo kapuni kila Agosti, wakimngoja aliyeshika mkia.

4. Mchezaji aliyeokotwa katikati ya msimu ahesabiwe kama wa raundi ya 12. Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, ligi imeshaanza. Aliyemwokota angembakiza 2024/25 kwa raundi ya 9, na 2025/26 kwa raundi ya 6. Hilo ni punguzo kubwa mno, na ni haki yake.

5. Mwisho ni misimu miwili ya kubakiza. Ya tatu hakuna, hata kama hesabu inaruhusu.

6. Wachezaji wawili wakiangukia raundi moja, mmoja anasogea juu raundi moja, yaani anakuwa ghali zaidi.

7. Ukibadilishana mchezaji na mwenzako, mchezaji anahama na raundi yake. Gharama haifutwi kwa kuhamishwa mikono.

8. Kubadilishana kukome mwisho wa Februari. Bila hiyo, aliye wa 10 atampa rafiki yake nyota wake mwezi Aprili kwa ahadi ya "utanirudishia Agosti". Kwenye fantasi za kubakiza hakuna kinachovunja urafiki kama hiki.

9. Mchezaji uliyembakiza akihama Ligi Kuu kabla ya dirisha la usajili kufungwa, unachagua mbadala wa kwanza kutoka kapuni. Mfano ni Harry Kane. Alitangazwa Bayern Munich tarehe 12 Agosti 2023, siku moja baada ya msimu kuanza. Aliyembakiza hakuwa na namna ya kujilinda. Lakini mchezaji ambaye klabu yake imeshuka daraja hana fidia, hilo ulilijua tangu Mei.

10. Mgeni anayerithi timu achague moja kati ya mawili: awachukue wabakizwa wa aliyeondoka kwa gharama zao, au awaachie wote na aingie kwenye kura ya zamu ya kwanza pamoja na walioshika mkia.

Suala la kupoteza makusudi

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Wanasema ukimpa wa mwisho zamu ya kwanza, aliye wa 8 atapoteza makusudi ili awe wa 10. Ni kweli. Ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, ilikumbana na tatizo hilo na mwaka 1985 ikaanza kupiga kura ya zamu ya kwanza.

Na sisi tufanye hivyo. Wanne wa mwisho, pamoja na mgeni aliyekubali kuachia timu, wapigiwe kura ya zamu ya kwanza. Aliyeacha kupanga kikosi wiki nne mfululizo bila taarifa aondolewe kwenye kura. Taarifa yenyewe iwe ya SMS au hata ya kutuma mtu, siyo lazima iwe ya intaneti, na mwenye hitilafu ya mtandao inayojulikana asihesabiwe.

Ningeweza kuandika programu ya kuchagua jina kwa bahati nasibu, ni mistari mitatu tu. Lakini napendekeza vikaratasi ndani ya kikombe, pale tunapokunywa chai, watu wakiangalia. Vikaratasi kila mtu anaviona. Programu yangu naiona mimi peke yangu, nami pia ni mshindani katika ligi hiyo.

Kwa wale wanaotaka kuiandika

Data za FPL zinapatikana wazi mtandaoni kwa muundo wa JSON, bila ufunguo wala usajili. Kuwa makini na jambo moja litakalokuharibia ligi ya kubakiza. Kila mchezaji ana sehemu mbili za utambulisho, "id" na "code". Ile "id" hupangwa upya kila msimu. Ukihifadhi wabakizwa wako kwa "id", Agosti utafungua jedwali na kukuta beki uliyembakiza amegeuka kipa wa timu nyingine. Hifadhi kwa "code", hiyo haibadiliki.

Pili, nafasi ya mchezaji inaweza kubadilika kati ya msimu na msimu, kiungo akawa mshambuliaji. Programu isome nafasi upya, isiamini ya mwaka jana.

Tatu, na kwangu hili ndilo muhimu kuliko yote, weka chaguo-msingi. Siku ya mwisho ya kutaja wabakizwa ikipita na mtu hajajibu, programu imchagulie wawili wenye tofauti kubwa kati ya pointi walizoleta na raundi watakayogharimu. Mtu wa Mandera ambaye mnara wake umekufa wiki nzima asikute amepoteza haki yake. Na akirudi hewani kabla ya siku ya kuchagua, aruhusiwe kubadilisha. Hapo ndipo unapojua kama kanuni iliandikwa na mtu anayewafikiria wenzake, kwa sababu aliye hewani saa zote hahitaji chaguo-msingi.

Neno la mwisho

Wanaotaka 5 bure wananiambia naadhibu mafanikio. Hebu wapige hesabu. Kwa kanuni hizi bingwa anaingia msimu mpya na wachezaji wawili aliowapata kwa jicho lake, kwa bei nafuu kuliko thamani yao, kwa misimu miwili. Hiyo ni faida nzuri kwa kazi nzuri. Anachonyimwa ni uhakika wa kushinda tena bila kufanya kazi hiyo upya.

Kisha wajiulize swali moja. Kama mwakani mambo yatakuharibikia, wachezaji wako wote wavunjike miguu na uwe wa 10 mwezi Mei, ungetaka ukute kanuni gani? Tungeni hiyo sasa, kabla msimu haujaanza, wakati bado hakuna anayejua nani atashika mkia. Msimu ukishaanza kila mtu anapiga kura kwa kuangalia nafasi yake, na hapo hakuna maelewano.

Kikao chetu ni kabla ya Agosti. Karatasi yangu hii nitaipeleka kama ilivyo. Walioko Wajir na Mandera kura zao zitapokelewa kwa SMS, na tutawangoja.